Sebule yenye kona za ajabu na spika za homu thieta: maswali ambayo watu wa Mombasa huniuliza kila mara

Kazi yangu ni kufunga spika majumbani, Mji wa Kale, Majengo, Tudor, Kisauni mpaka Bamburi, na vyumba vya kwetu ni nadra kukuta kimoja kilichonyooka pande zote. Hapa nimekusanya yale mnayoniuliza zaidi. Ukisoma utaona narudi palepale kila mara, kwamba twaanza na pahali unapokaa na zile spika tatu za mbele, hizo zikae kwa usawa kushoto na kulia, zengine zote zaweza kurekebishwa baadaye.

Sebule yangu ni ya herufi L, upande mmoja pana meza ya chakula. TV na spika niweke ukuta gani?

Kabla hujasogeza kitu chukua daftari la hesabu la watoto, lile la viboksi, uchore chumba chako, kiboksi kimoja kiwe sentimita 20, weka milango, madirisha, nguzo, feni, na njia ya kupita kwenda jikoni. Wengi huruka hapa, waanza na ule ukuta ambao fundi wa stima aliweka soketi ya TV, na yule fundi hakuwa akifikiria spika hata kidogo.

Hafu tafuta ukuta ambao ukiweka TV, spika ya kushoto na ya kulia zitakuwa na umbali uleule mpaka ukuta wa pembeni. Kwenye L mara nyingi ni ule ukuta mfupi wa mwisho wa mguu mrefu, yaani wewe wakaa ndani ya mguu mrefu na sehemu ya meza yafunguka nyuma ya kochi ama ubavuni mwa kochi. Hapo pazuri. Ubaya ni pale nafasi ya wazi inapofunguka pembeni mwa spika ya mbele, maana spika moja ina ukuta wa kuipa nguvu besi na kurudisha sauti, ile yengine sauti yake yakimbilia meza ya chakula na hairudi, basi picha yote ya sauti yavutwa upande wa ukuta na mtu anayeongea katikati ya skrini wamsikia kama amesimama kando.

Kama huna ukuta mwengine, sogeza spika zote mbili zitoke kwenye kuta za pembeni kadiri uwezavyo, ule upande wenye ukuta weka pazia zito ama rafu iliyojaa vitabu, na kwenye menyu ya risiva, yaani ile amplifaya inayolisha spika zote, ishushe spika ya upande huo desibeli 1 ama 2. Na kuna jambo watu hawalipendi kwa macho lakini masikio hulipenda, nalo ni kuweka TV mshazari kwenye kona, maana kona ina kuta mbili zinazotoka kushoto na kulia kwa pembe sawa, usawa unaoutafuta uko palepale. Besi itazidi kidogo kwa sababu ya kona, hiyo utaipunguza kwa rimoti.

Spika za mbele zikae mbali kiasi gani?

Maelekezo ya Dolby, ile kampuni ya mifumo ya sauti za sinema, ni kila moja iwe digrii 22 hadi 30 kutoka mstari wa katikati. Kwa tepu ni hivi, ukikaa mita 3 kutoka TV basi kati ya spika na spika pawe mita 2.4 hadi 3.4 hivi. Geuza nyuso zao zikutazame wewe, hasa chumba kikiwa na kuta tupu, kwa sababu sauti nyingi itakufikia moja kwa moja kabla haijagonga ukuta.

Nakaa Mji wa Kale, chumba ni chembamba na kirefu, kuta nene za mawe. Kuna maana hata ya kujaribu?

Kuna maana sana, na mimi vyumba hivi navipenda. Ule wembamba una sababu yake, dari za zamani zilibebwa na boriti za mikoko na boriti haiendi mbali, ndo maana upana wa vyumba vingi hauzidi mita 3. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni mzito, hautetemeki, na jirani hasikii sana. TV iweke kwenye ukuta mfupi, usikubali kuiweka ukuta mrefu ukakaa pua imegusa skrini.

Sasa kwa vile upana ni mdogo, spika haziwezi kutanuka, basi wewe ndo usogee. Spika zikiwa mita 2 kati yake, kaa mita 2.5 na utapata karibu digrii 22. Kile kipande cha chumba kinachobaki nyuma yako usikione ni hasara, ni faida kubwa, kwa sababu ukiegemea ukuta wa nyuma besi yajaa kichwani mpaka yachosha, na ukiwa mbali nao hata spika za nyuma zapata pahali pa kupumua.

Jihadhari na upana wenyewe. Kwa joto letu la digrii 30 sauti yaenda kama mita 349 kwa sekunde, na chumba cha upana wa mita 2.8 kitakuwa na wimbi linalojirudia kwenye 62 Hz hivi, yaani mitetemo 62 kwa sekunde, kutoka ukuta mpaka ukuta. Hilo husikika kama noti moja ya besi inayovuma kila wimbo. Haliondoki kwa kununua spika kubwa, litapungua kwa pahali utakapoweka sabwufa, ile spika ya besi peke yake, nalieleza chini.

Nina rumu moja tu, kumi kwa kumi, kitanda na TV humohumo.

Futi 10 kwa futi 10 ni mraba wa mita 3 na kitu, na mraba ndo umbo gumu kuliko yote kwa besi, urefu na upana hulia noti ileile, kama 57 Hz, kwa hivyo nguvu yake huwa maradufu. Usiweke kichwa katikati kabisa ya chumba, pale hiyo noti hupotea, na usikiweke ukutani, pale huvimba. Kama theluthi moja kutoka ukuta wa nyuma ni sawa. Na kusema kweli, spika mbili nzuri na sabwufa ndogo zatosha kwa rumu hii, zile seti za spika tano hapo ni waya tu za kujikwaa. Godoro lako lakusaidia bila kulipia, povu zito lameza sauti vizuri.

Nyumbani tunakaa chini, majlisi, magodoro pande tatu. Urefu wa spika niufanyeje?

Swali hili maelekezo ya kwenye boksi hayalijibu kwa sababu yameandikwa kwa mtu aliyekaa kwenye sofa. Twita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba, yafaa iwe usawa wa sikio. Kwenye sofa sikio liko kama mita 1 kutoka sakafuni, kwenye godoro la majlisi laweza kuwa sentimita 75 ama 80, na zile stendi za dukani zote zitakuwa juu sana. Mwambie mtu akae kawaida, aegemee mto kama anavyoegemea siku zote, upime. Kisha TV nayo ishuke, maana TV ikiwa juu na spika ziko chini maneno yatatoka tumboni kwa muigizaji.

Hizo pande tatu ndo kazi ngumu. Mtu wa pembeni kabisa, aliyekaa chini ya spika ya kulia, hatasikia alichosikia mtu wa katikati, hilo hakuna spika italitatua, lakini laweza kupunguzwa. Kwanza lazima uwe na spika ya kati, bila hiyo mtu wa pembeni husikia maneno yote kutoka kwenye spika iliyo karibu naye. Pili, spika za mbele zigeuze zaidi ndani, mpaka mistari yake ikutane mbele kidogo ya mtu wa katikati, hapo aliyekaa kushoto atatazamana zaidi na spika ya kulia na kidogo usawa warudi. Tatu, spika za pembeni zipandishe juu ya vichwa, nusu mita hadi mita moja juu ya sikio, ili mtu aliyekaa chini yake asipigwe kelele sikioni.

Maneno hayasikiki, mabomu yasikika mpaka barabarani. Kwa nini?

Hili ndo lalamiko nambari moja. Mazungumzo mengi ya filamu hutoka spika ya kati, na spika ya kati nyumba nyingi imesukumwa ndani ya kabati la TV, nyuma ya maua na vikombe. Itoe mpaka ukingo wa mbele wa kabati, isibaki rafu mbele yake, na kama iko chini iinulie mbele kidogo kwa vipande vya mpira ielekee masikio. Hafu ipandishe desibeli 2 ama 3. Feni ya dari ikiwa namba 5 nayo yafunika minong'ono yote, kwa hivyo jaribu hiyo sauti feni ikiwa inazunguka, usiizime ndo upime.

Angalia waya pia. Nyekundu iende nyekundu, nyeusi iende nyeusi, amplifaya mpaka spika. Spika moja ikigeuzwa, koni moja yaenda mbele wakati yengine yarudi nyuma, na sauti ya katikati huwa nyembamba na besi yaliwa. Nakutana na hili mara nyingi kuliko spika iliyoharibika.

Nyuma ya kochi sina ukuta, kuna korido. Spika za nyuma niziweke wapi?

Kwa spika tano jina la spika za nyuma lapotosha watu, pahali pake ni ubavuni, digrii 90 hadi 110, yaani sambamba na masikio ama nyuma yake kidogo. Ukuta wa nyuma hauhitajiki. Upande mmoja una ukuta, weka hapo, upande wenye uwazi tumia stendi nyembamba ama ining'inize kutoka kwenye dari, urefu uwe sawa na mwenzake. Umbali usipolingana si mwisho wa dunia, kwenye risiva pana sehemu ya kuandika umbali wa kila spika, nayo itachelewesha ile ya karibu. Sentimita 35 ni kama milisekunde 1.

Kama kwa vyovyote hupati pahali pa haki, fanya spika tatu za mbele na sabwufa, uache hizo. Mbele iliyotulia yashinda spika tano zilizotawanyika.

Sabwufa si yawekwa popote tu?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo. Ni kweli kwamba chini ya 80 Hz sikio halijui sana sauti yatoka wapi, ndo maana hata THX, wale wa viwango vya sauti za sinema, walichagua 80 Hz kama pahali pa kukatia, yaani chini ya hapo sauti yaachiwa sabwufa, lakini sikio lajua sana kama besi imezidi ama imekosekana, na hilo lategemea pahali sabwufa ilipo na pahali ulipo wewe. Kona yaipa nguvu kubwa zaidi kwa sababu ya kuta mbili na sakafu, na papo hapo yaamsha mavumo yote ya chumba kwa pamoja.

Njia ninayoiamini ni hii. Iweke sabwufa juu ya kochi, pale pale unapokaa, cheza wimbo ambao besi yake yapanda na kushuka noti nyingi, taarabu ya gitaa la besi yafaa sana kwa kazi hii, hafu wewe tambaa chini kuzunguka chumba, sikio likiwa usawa ambao sabwufa ingekaa. Kuna pahali utasikia noti zote kwa nguvu inayolingana, hakuna inayovuma wala inayopotea. Hapo ndo nyumbani kwake. Kwenye chumba cha L usishangae kukuta ni pale kwenye kona ya ndani, L inapokunja, ama hata ubavuni mwa kochi. Ukikuta pahali pawili na pesa ipo, sabwufa ndogo mbili ni bora kuliko kubwa moja, moja yajaza palipokosekana na nyengine.

Ikishakaa pahali pake, kata kwa 80 Hz, spika zako zikiwa ndogo sana panda mpaka 100 ama 120, na ukipanda huko juu sabwufa isikae mbali na spika za mbele kwa sababu sasa sikio laanza kujua yatokea wapi.

Madirisha yetu yako wazi mwaka mzima. Yaathiri?

Yaathiri, na hakuna anayewaambia watu. Wallace Sabine, yule mwalimu wa fizikia wa Harvard aliyeanza mwaka 1895 kupima mwangwi wa kumbi, alitumia dirisha lililo wazi kama kipimo chake, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi. Sasa fikiria ukuta wako wa kushoto una dirisha kubwa linalopokea upepo wa kusi, wazi kutwa, na wa kulia ni plasta tupu. Kushoto sauti yatoka, kulia yarudi, na usawa umevunjika hata kama chumba ni mstatili kamili. Weka pazia nzito upande wa kulia, ule wa plasta, si wa dirisha. Na unapopima kwa mikrofoni ya risiva, pima madirisha yakiwa vile yanavyokuwa saa unazotazama.

Tailizi chini, kuta tupu, mtu akiongea kama yumo ndani ya birika. Zile trei za mayai zafanya kazi?

Hazifanyi. Ni karatasi nyembamba, zagusa sauti nyembamba kidogo tu, hafu zakusanya vumbi na mende na ni kuni za moto. Kanga ukutani pia ni urembo, si dawa. Sauti humezwa na kitu kinene na kizito ambacho hewa yapita ndani yake. Zulia nene kati yako na spika za mbele ndo la kwanza, nenda Biashara Street utafute kitambaa kizito cha pazia ulinganishe bei, shona pazia lenye mikunjo mingi, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya ukuta. Mito ya usufi iliyopangwa ukutani kwenye majlisi nayo yafanya kazi ya haki.

Kujua ni wapi hasa, kaa pahali pako, mtu apitishe kioo ukutani pembeni, pale unapoiona twita ya spika ndani ya kioo ndo sauti yajigonga. Funika pale, kushoto na kulia, usifunike chumba kizima maana kitakufa.

Landlodi hataki kutobolewa ukuta.

Stendi, kabati, na waya upite kwenye trankingi ya kubandika juu ya skatingi. Waya wa mapacha wa milimita za mraba 1.5 kutoka duka la vifaa vya stima watosha kwa spika ya ohm 8 mpaka mita 15 hivi, hakuna haja ya zile waya za bei ya ajabu. Usiupitishe trankingi moja na waya wa stima. Na nyumba za kale, hata ukiruhusiwa, plasta ya chokaa hubomoka, skrubu yahitaji kufika kwenye jiwe lenyewe.

Spika za Atmos zinazopiga juu darini zitafaa kwangu?

Atmos ni ule mfumo wa Dolby unaoleta sauti kutoka juu, na hizo spika za kurusha sauti darini zataka dari bapa, ngumu, si juu sana. Dari ya slabu kwenye fleti yafaa. Dari ya boriti haifai, sauti yatawanyika kati ya boriti na boriti, na makuti ndo kabisa yaimeza yote. Hapo funga spika ndogo zenyewe juu, ama uachane nayo.

Saundiba je?

Ile spika moja ndefu ya kukaa chini ya TV, kwa chumba kibaya sana ni jibu zuri. Ila zile zinazodai kuzungusha sauti kwa kugonga kuta za pembeni zahitaji kuta mbili za pembeni, kwenye L utapata nusu. Chukua yenye chaneli ya kati halisi na sabwufa yake, uunganishe kwa HDMI ARC, lile tundu la HDMI la TV lililoandikwa ARC, linalotoa sauti ya TV.

Jirani wa chini amelalamika.

Ana haki. Sabwufa isogeze karibu na kochi, utahitaji sauti ndogo zaidi kupata besi ileile, ikalishe juu ya povu zito, na usiku washa ile modi ya usiku kwenye risiva, yainua maneno na kushusha milipuko. Na adhana ikiadhiniwa weka pozi, ni dakika chache.

Vipi chumvi na unyevu, na hivi vyombo vya mtumba?

Ukiwa karibu na bahari shaba ya waya yageuka kijani, kata ncha na umenye upya mara kwa mara, ama utumie plagi za ndizi (banana plug), zile ncha za kuchomeka waya wa spika, zilizopakwa dhahabu. Spika za mtumba tazama ule ukingo unaoshika koni, ukiwa wa povu ubonyeze taratibu, povu huoza na umri na hali ya hewa yetu yaliharakisha, ukingo wa mpira huishi zaidi. Na soma nyuma ya amplifaya kabla ya kuchomeka, stima yetu ni volti 240, kifaa cha Marekani cha volti 120 kitaungua hapohapo usipokiwekea transfoma. Risiva iachie nafasi juu ipumue, isifunikwe kitambaa cha kufuma.

Najenga Utange, fundi wa spika nimwite lini?

Kabla ya plasta. Chora pale kochi litakapokuwa, pale TV, hafu laza bomba za plastiki kutoka nyuma ya TV mpaka kila pahali pa spika, na moja mpaka pale sabwufa yaweza kukaa, hata mbili, kwa kuwa hujui bado besi itapenda kona gani. Bomba la HDMI liwe pana, milimita 32, na kona zake ziwe za kupinda taratibu, kichwa cha ule waya hakipiti kwenye kona kali. Acha uzi wa nailoni ndani ya kila bomba na upige picha kuta zote ukiweka tepu kipimo ionekane, kabla hawajaanza kupiga plasta.